Baba Asiyepiga Magoti: Uhakiki wa Tamthilia ya Leiyu ya Cao Yu

Mchungaji anapoitwa katika nyumba ambamo kijana ameharibika, kwa kawaida humtazama kijana kwanza. Huuliza habari za rafiki zake, ulevi wake, na siku alipoacha kuwasikiliza wazazi. Tamthilia ya Kichina iitwayo Leiyu, maana yake "Mvua ya Radi", inatuzuia kuanzia hapo. Inatuonyesha nyumba yenye wana waliopotoka, zinaa, udanganyifu na vifo vitatu katika usiku mmoja. Kisha inaturudisha nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye kosa la miaka 30 iliyopita, ambalo mwenye nyumba hakuliungama kamwe mbele ya mtu aliyemkosea. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kiini cha tamthilia hii si vita kati ya mapokeo ya kale na vijana wa kisasa, kama inavyosemwa mara nyingi. Kiini chake ni toba iliyoelekezwa mahali pasipo na gharama. Jambo hilo linatuhusu sana sisi tuliokabidhiwa kazi ya kutangaza ondoleo la dhambi.

Mwandishi na zama zake

Cao Yu ni jina la uandishi la Wan Jiabao, aliyezaliwa mwaka 1910 katika mji wa Tianjin na kufariki mwaka 1996. Alipokuwa shuleni Nankai aliigiza katika michezo ya Ibsen, hata akachukua nafasi ya Nora. Leiyu aliiandika akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, nayo ikachapishwa mwaka 1934 kabla hajatimiza miaka 24. Msomaji anayezijua tanzia za Wayunani na tamthilia za Ibsen atatambua mara moja alikojifunzia ufundi wake: siri ya zamani inafunguka kidogo kidogo, na kila anayejitahidi kuikimbia anaikaribia zaidi.

Zama zenyewe zilikuwa za mabishano makali. Tangu harakati za mwezi Mei 1919, vijana wengi wasomi wa China walikuwa wakiyahoji mafundisho yaliyonasibishwa na Confucius kuhusu utii wa mwana kwa baba, wa mke kwa mume, na wa raia kwa mtawala. Ba Jin, mwandishi aliyesaidia Leiyu ipate kuchapishwa, alikuwa ametoa riwaya yake Jia, yaani "Familia", inayoeleza jinsi utawala wa babu unavyowavunja wajukuu. Si ajabu basi kwamba Leiyu nayo ilipokelewa kama shtaka dhidi ya familia ya kale. Usomaji huo si wa uongo, lakini haufiki chini.

Nyumba ya Zhou

Tamthilia ina matendo manne, na yote hutukia katika siku moja ya kiangazi, tangu asubuhi hadi saa nane za usiku. Mwenye nyumba ni Zhou Puyuan, mtu wa miaka 55 aliyesoma Ujerumani, mwenyekiti wa kampuni ya mgodi wa makaa ya mawe. Mkewe ni Fanyi, ambaye ni mdogo kwake kwa miaka 20. Mwana mkubwa, Zhou Ping, ana miaka 28, na mama yake husemwa kuwa ni marehemu. Mwana mdogo, Zhou Chong, mwenye miaka 17, ni mtoto wa Fanyi. Humo nyumbani wanatumika Lu Gui na binti yake Sifeng. Siku hiyo anafika mke wa Lu Gui, Shiping, aliyekuwa akifanya kazi mbali. Na mwanawe, Lu Dahai, mfanyakazi wa mgodi, amekuja kama mjumbe wa wenzake waliogoma.

Siri ni hii: Shiping ndiye yule "marehemu". Yapata miaka 30 nyuma, katika mji wa Wuxi, alikuwa binti wa mtumishi katika nyumba ya akina Zhou, akamzalia Puyuan wana wawili. Mtoto wa pili alipokuwa na siku tatu tu, mama huyo alifukuzwa usiku wa kuamkia mwaka mpya, ili Puyuan aoe binti wa jamaa wenye mali. Alijitupa mtoni pamoja na kichanga, lakini wakaokolewa. Yule kichanga ndiye Dahai; yule aliyebaki ndiye Ping. Naye Ping, asijue lolote, kwanza amezini na mama yake wa kambo, kisha akamchoka na kumgeukia Sifeng, ambaye ni dada yake kwa tumbo moja. Sifeng ana mimba.

Msomaji wa Biblia hatakosa kuikumbuka nyumba ya Daudi katika 2 Samweli, kuanzia sura ya 11. Huko pia baba alimtwaa mwanamke kwa nguvu ya cheo chake na kuifunika damu. Na baadaye Amnoni akamharibu Tamari, umbu lake, na Absalomu akamwaga damu ya nduguye. Wana hawa hawakufundishwa uovu kwa maneno. Waliuvuta kama hewa ya nyumba.

Magoti mara tatu

Tuyatazame mapokeo kama yanavyoonekana jukwaani. Mara tatu katika tamthilia mtu anatakiwa kupiga magoti, na kila mara maana yake inazidi kuwa nzito.

Mara ya kwanza ni katika tendo la kwanza. Puyuan ameamua kwamba mkewe ni mgonjwa wa akili na sharti anywe dawa. Fanyi anaomba ainywe baadaye. Baba anamwamuru Chong amsihi mama yake, kijana anatetemeka. Kisha anamwamuru Ping apige magoti mbele ya mama yake wa kambo mpaka akubali. Kwa hoja ya Puyuan, mama asiyetii anawaharibu watoto. Ping anapoanza kuinama, Fanyi hawezi kustahimili. Anainywa dawa yote na kutoka mbio akilia. Kwa macho ya nje, amri zote za heshima zimetimizwa: mke ametii, wana wametii, nyumba ina nidhamu. Lakini mtazamaji amekwisha kuambiwa kwamba aliyeamriwa kumpigia magoti mama ndiye aliyekuwa mpenzi wake. Sheria imetimizwa yote, na haikugusa hata kidogo ugonjwa uliomo.

Mara ya pili ni katika tendo la tatu, nyumbani kwa akina Lu. Shiping, aliyekwisha kutambua ni nyumba gani binti yake anaitumikia, anamtaka Sifeng apige magoti na kuapa kwamba hatawaona tena watu wa ukoo wa Zhou. Akivunja kiapo, radi na impige. Mama huyu anampenda mwanawe kwa moyo wote, lakini hathubutu kumwambia sababu. Badala ya ukweli anampa kiapo, na kiapo kinamfunga mtoto aliye tayari ndani ya mtego. Wazazi wema pia hufanya hivi: aibu yao wanaifanya kuwa sheria juu ya watoto.

Mara ya tatu tutaieleza mahali pake. Kwa sasa tuseme hili tu: katika matendo yote manne, baba mwenyewe hapigi magoti hata mara moja.

Chumba cha marehemu

Puyuan si mnafiki wa kawaida, na hapo ndipo ukubwa wa Cao Yu unapoonekana. Sebule yake imejaa samani za zamani alizozipenda Shiping. Picha yake imewekwa mahali pa heshima. Madirisha hufungwa hata katika joto la kiangazi, kwa sababu yule mwanamke alipojifungua aliogopa upepo. Puyuan anataka mashati yake ya zamani, na mojawapo lina tundu lililoungua ambalo Shiping alilifunika kwa tarizi ya ua. Mtu huyu amehuzunika kwa miaka mingi, na hatuna sababu ya kusema kwamba huzuni yake ni ya kuigiza.

Kisha anayekumbukwa anaingia mwenyewe sebuleni. Puyuan hamtambui. Shiping anakwenda dirishani na kulifunga kwa mazoea yake ya zamani, na mwendo huo unamshtua mzee. Wanazungumza; anaulizia habari za kaburi la yule msichana wa Wuxi, kana kwamba angependa kulitengeneza. Lakini mara tu anapojua kwamba aliyesimama mbele yake ndiye yeye, sauti inabadilika. Anauliza amekuja kufanya nini, na ni nani aliyemtuma. Baadaye anamwandikia hundi ya yuan 5,000. Shiping anaichana.

Hapa ndipo tunapoona hoja kuu ya tamthilia. Kumtubia marehemu ni rahisi. Marehemu hana dai, haombi kumwona mwanawe, hana mume mlevi wala mtoto mgomaji, na picha yake haijibu neno. Puyuan alijijengea madhabahu ya majuto ili asikutane na mtu. Katika Mathayo 5:23-24 Bwana wetu alimwagiza mwenye sadaka aiache mbele ya madhabahu na kwenda kwanza kupatana na ndugu yake aliye hai. Puyuan amefanya kinyume: ameing'ang'ania madhabahu ili ndugu asipate kuingia.

Nabii aliyepigwa makofi

Daudi alikuwa na Nathani. Je, nyumba ya Zhou haikupata nabii? Ilimpata, naye ni Dahai. Katika tendo la pili anasimama mbele ya mwenyekiti wa kampuni, asijue kwamba huyo ni baba yake, na kumtaja dhambi zake kwa jina: kwamba zamani huko Harbin, alipokuwa mkandarasi wa daraja, aliacha kwa makusudi kingo za mto zibomoke, vibarua 2,200 wakafa maji, na kwa kila roho moja akajipatia yuan 300. Hata sasa mgodini wafanyakazi wamepigwa risasi.

Daudi alipoambiwa, alikiri. Puyuan yeye ana karatasi mkononi: wajumbe wengine wamekwisha kutia sahihi mapatano, na Dahai amefukuzwa kazi. Ping anampiga Dahai kofi, na watumishi wanamshambulia. Ndugu anampiga ndugu mbele ya mama yao. Shiping anamwendea Ping huku analia, na jina la mwanawe linamtoka mdomoni. Lakini kwa Kichina jina hilo linasikika sawasawa na neno la kuanzia swali la "kwa haki gani", naye anaugeuza mwito kuwa swali: kwa haki gani unampiga mwanangu? Kijana anapomwuliza yeye ni nani, anajibu kwamba ni mama wa huyu aliyepigwa. Katika silabi moja mama anamkaribia mtoto wake na kumkana. Wanafunzi wetu wanaojifunza ufasiri wangefaidika kulitafakari fungu hili, kwa kuwa ni vigumu kulihamishia katika lugha nyingine, na bila hilo tamthilia inapungukiwa na moyo wake.

Ungamo lililogeuka amri

Usiku wa manane wote wanakutana sebuleni. Shiping amekwisha kujua kwamba Ping na Sifeng wanapendana na kwamba binti ana mimba; kwa uchungu usioelezeka ameamua kunyamaza na kuwaacha waende mbali, yeye abebe dhambi hiyo peke yake. Ndipo Fanyi, kwa wivu na hasira, anamwita mumewe ashuke. Puyuan anamwona Shiping na kudhani kwamba amekuja kudai haki yake. Hatimaye anasema kweli.

Lakini tusikilize anavyoisema. Anamwita Ping na kumwamuru apige magoti, kwa kuwa huyu ndiye mama yake mzazi. Ping anapokataa kwa hofu, baba anamkemea: asidhani kwamba kwa vile mama huyu ni mtu wa chini, tena ni mama wa Sifeng, basi anaweza kusahau wajibu wa damu. Kisha anamgeukia Shiping na kumwambia kwamba alikusudia kumpelekea yuan 20,000, na kwamba Ping ni mtoto mwenye adabu ya kizazi. Yale ambayo baba alimkosea, mwana atayafidia.

Hii ndiyo mara ya tatu ya magoti. Kweli imetoka, lakini katika sauti ya amri. Fedha imepanda kutoka 5,000 hadi 20,000, na deni limehamishiwa mabegani mwa mwana. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, alipinga vikali mithali ya baba kula na meno ya wana kufa ganzi. Puyuan anaigeuza mithali hiyo kuwa mpango wa nyumba. Sisi tunakiri kwamba Mwana mmoja alilipa deni lisilokuwa lake. Lakini yeye alilipa kwa hiari yake, kwa umoja na Baba anayejitoa. Baba anayebaki kitini na kumsukuma mwana alipe hafanani na yule wa Injili hata kidogo. Katika Luka 15 anayetoka mbio nyumbani ni baba.

Yanayofuata yanatukia upesi. Sifeng anakimbilia nje kwenye mvua na kuuawa na waya wa umeme uliokatika, ambao tangu mwanzo ilikuwa imesemwa utengenezwe. Chong, asiye na hatia yoyote, anamkimbilia amwokoe na kufa naye. Ping anajipiga risasi. Wahakiki wamelalamika kwamba mambo haya yamepangana mno kuwa ya kweli, na hatuwezi kuwakatalia kabisa. Hata hivyo ule waya usiotengenezwa ni mfano mzuri wa kosa lisiloungamwa: kila mtu nyumbani amesikia habari zake, na anayeguswa nao kwanza ni mtoto.

Kanisa katika nyumba iliyouzwa

Wengi walioiona Leiyu jukwaani hawajui kwamba ina utangulizi na kimalizio. Baada ya miaka kumi ile nyumba imeuzwa kwa kanisa na kuwa hospitali inayotunzwa na watawa. Theluji inaanguka nje. Fanyi na Shiping wote wamerukwa na akili na wanauguzwa humo. Mzee mmoja anakuja kuwatazama; ni Puyuan. Katika maelekezo ya jukwaani Cao Yu anapendekeza tusikie kwa mbali kinanda na kwaya wakiimba Benedictus ya Misa ya Bach katika B minor. Kwetu Walutheri neno hili si dogo. Bach alikuwa kiongozi wa muziki wa kanisa letu huko Leipzig tangu mwaka 1723 hadi kufa kwake mwaka 1750, na Benedictus ni wimbo wa kumbariki yeye ajaye kwa jina la Bwana, unaoimbwa kabla ya kukaribia Meza yake. Hapa wimbo unaimbwa, na anayekuja ni mwenye hatia.

Wanafunzi Wachina walipoicheza Leiyu mjini Tokyo mwaka 1935, waliziondoa sehemu hizo mbili. Cao Yu alisikitika. Alieleza kwamba alichoandika kilikuwa karibu zaidi na shairi kuliko tamthilia ya kujadili tatizo la jamii, na kwamba alitaka watazamaji warudi makwao wakiwa na moyo uliotulia na wenye huruma. Lakini desturi ya kuzikata ilishika mizizi. Mwaka 1951 mwandishi mwenyewe aliirekebisha kazi yake ilingane na siasa mpya, na katika onyesho mashuhuri la mwaka 1954 la Jumba la Sanaa la Umma la Beijing lilibaki pambano la matabaka. Mwaka 2006 Zhang Yimou aliihamishia hadithi hii katika jumba la mfalme wa kale, katika filamu ya Curse of the Golden Flower. Humo dawa ya Fanyi imekuwa sumu ya kweli. Tunaona kwamba kwa badiliko hilo kitu kimepotea, kwa kuwa Puyuan wa tamthilia alidhani kweli kwamba anaponya.

Je, zilikatwa kwa haki? Tunasema hapana. Bila sehemu hizo mbili, Leiyu ni Sheria tupu: inafunua, inahukumu, inaua, pazia linashuka. Pamoja nazo, kuna nyumba inayowapokea waliovunjika bila kuwahoji, na watawa wasiotoa hotuba ila wanafagia, wanafunga milango na kuwalisha wagonjwa. Hilo ni jambo la haki kusemwa juu ya kanisa.

Lakini hapa nasi tuna neno na mwandishi. Theluji na muziki vinamfunika mzee kwa upole ambao hakuuomba kwa waliokufa. Wale 2,200 wa mto wa Harbin hawana kitanda katika hospitali hiyo, wala hakuna anayewataja. Naye Dahai hakurudi. Mama yake amemngoja miaka kumi, na kanisa haliwezi kumrudisha. Cao Yu anatuomba tumhurumie kila mmoja, na anafanya vema. Hata hivyo huruma ya mtazamaji si ondoleo la dhambi. Mzee ametulizwa, lakini hatusikii amesamehewa, kwa sababu hatujasikia akiomba. Kanisa likinunua nyumba ya tajiri, linunue pia habari za vibarua wake, la sivyo kinanda kitakuwa kama yale madirisha: kimefungwa ili upepo usiingie.

Katekisimo Kubwa ya Luther, inapoifafanua amri ya nne, haiwaachi wazazi na heshima yao tu. Inawadai pia hesabu ya ofisi waliyopewa na Mungu. Tamthilia hii, iliyoandikwa na kijana asiye mhubiri katika nchi ya mbali, inatusaidia kuifundisha nusu hiyo ya pili ambayo mara nyingi tunaiacha. Mchungaji aitwapo kwa ajili ya mwana aliyepotea, na aketi na mwana huyo kwa upendo. Lakini kabla ya kuondoka na amwulize baba kwa faragha, bila kumwaibisha, kama yupo mtu aliye hai ambaye bado hajaenda kumwomba radhi. Na akijibu kwamba yupo, mchungaji ajitolee kufuatana naye njiani.